Si Wewe Uliyeziua Kobaye za Koko Nabintu

Cimpunda, Jumapili, saa tisa za mchana

Nsimire mwanangu,

Unisamehe nimechelewa kukuandikia. Sisemi kuchelewa kwa leo, juu ya nguo za kupiga pasi na karanga za kukaanga. Nimechelewa miaka sita. Mara mbili nilianza barua hii, nikaichana, nikaiwashia moto wa maharage. Leo umeenda kuaga watu wa avenyu yetu, juu kesho unaenda Katana kusomea uuguzi, na ninavyowajua hawatakuachilia upesi: kila nyumba itataka ukae, uonje, ucheke kidogo. Basi nina saa chache na kalamu moja, na safari hii sichani.

Sitakuandikia juu ya sabuni, wala sanduku lenye kufuli mbovu, wala wavulana. Hayo nimeyasema mpaka ukaanza kuyamalizia wewe kabla sijafika katikati.

Nianze na Alhamisi. Tulienda kwa Maman Faida kuona mtoto wa binti yake, siku nne tu toka azaliwe. Maman Faida alikuwa ametoka kuuza samaki wake wadogo, sambaza, ananuka ziwa zima, na furaha imemjaa.

"Kamata mutoto, dokta! Kamata, uanze kazi!"

Ukarudi nyuma hatua moja. "Hapana, Maman Faida, niko na mafua."

"Mafua ya wapi? Infirmière anaogopa mutoto wa kilo tatu? Huko Katana watakupa ufagio, utafagia mpaka uzeeke!"

Watu wakacheka, na wewe ukacheka. Lakini mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako. Mikono uliificha mgongoni, vidole vimekamatana mpaka kucha zimekuwa nyeupe.

Njiani nikakuuliza una nini. Ukanijibu kama mtu anayesema mvua itanyesha: "Maman, si unajua mukono yangu haiko muzuri. Toka kobaye za Koko." Tukatembea kidogo. Kisha ukauliza: "Lakini huko banavaa gants, si njo? Kila siku?" Nikasema ndiyo, wauguzi wanavaa glavu. Ukasema, "Basi itaenda."

Usiku ule sikulala, Nsimire. Mtoto wangu anaenda kujifunza kuponya watu, na kitu kilichomfurahisha ni kwamba hatawagusa.

Sasa nisikilize. Mikono yako haikuua kobaye hata moja, hata kinyama kimoja cha jikoni kwa Koko. Ni mimi. Nilijua siku ile ile, na nimejua kila siku toka hapo.

Nirudi mbali kidogo, juu usipojua Koko alikuwa nani kwangu hutaona ubaya wenyewe ulivyo. Niliposhuka toka Miti nilikuwa na miaka kumi na saba, na wewe mgongoni, miezi saba. Baba yako alikuwa amekwenda kuchimba dhahabu huko Mwenga. Alituma salamu mara mbili, kisha zikakauka. Baba yangu alisema nyumba yake haina nafasi ya msichana aliyezalia nyumbani. Nikapata chumba hiki cha mbao. Wewe ulikuwa na bwaki: miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu kama za mahindi, na ulikuwa umeacha kulia. Hicho ndicho kilichoniogopesha kuliko yote, kwamba hulii.

Koko Nabintu, bibi yetu asiye wa damu, alikaa ng'ambo ya njia, hapo unapojua, ambapo watu wawili wenye beseni hawapitani. Nilikuwa hata sijamsalimia. Siku ya tatu akaingia bila kubisha, na sufuria mkononi.

"Weye mutoto mwenye kubeba mutoto," akasema, ndivyo alivyoniita mwaka mzima, "huyu anataka nyama."

"Koko, sina."

"Nilikuuliza kama uko nayo?"

Kobaye zake, vinyama vya manyoya vidogo kuliko sungura, zilikaa jikoni, chini ya kuni. Unajua mwenyewe kwa nini wanawake wa huku wanapenda kobaye. Mbuzi, mtu mwenye bunduki anamsikia toka barabarani. Kobaye anakaa jikoni kama siri ya nyumba. Koko hakuwa na shamba, hakuwa na mume, hakuwa na mtoto aliyebaki. Alikuwa na kobaye. Na kila Jumapili, Jumapili nane, alichinja moja kwa ajili yako, akakukandia nyama kwa vidole, na yeye akala majani ya lengalenga. Siku uliporudia kulia, kulia kwenyewe kwa hasira, akapiga makofi: "Aksanti Mungu! Sasa iko na nguvu ya kutusumbua."

Kisha akaniletea jike lenye mimba, amelifunga kwenye kikwembe chake cha kiunoni. Akanipa sheria, ile ile aliyopewa na mwanamke mwingine: "Hunirudishie miye. Ikizaa, binti yake ya kwanza unapelekea mwanamuke mwenye hana. Na jirani akikuomba dume, unamupa. Dume haikataliwe." Ndiyo sheria nzima. Ukikataa dume, ni kama umesema nyumba ya mwenzako ni chafu.

Wewe umekulia katika hayo. Unakumbuka asubuhi, kisu kikigusa majani ya kabichi, zote zinapiga kelele pamoja kama watoto wa kilasi mwalimu akitoka. Unakumbuka msumari wa mlangoni, ambapo majirani walitundika mifuko ya maganda: ya viazi, ya ndizi, ya maboga. Kwa maganda hayo nilijua nani amepika nini. Na nyumba ambayo haikuleta ganda siku mbili, tulijua pia. Jioni utasikia tu Koko anakuita: "Nsimire, peleka hii bakuli kwa wale, useme maman yako alipika mingi akakosea." Maman yako hakuwahi kupika mingi, lakini ulipeleka, na ulisema vizuri sana.

Majike yangu yakazaa, na binti zao zikaenda nyumba kwa nyumba. Wanawake walianza kuja toka avenyu za juu, watu nisiowajua, wakisema, "Tumeambiwa Maman Nsimire iko na mukono muzuri." Mkono mzuri! Mpaka siku ile watu walijua kitu kimoja juu yangu, na ulikuwa wewe mgongoni. Sasa nilikuwa na jina lingine. Nililipenda jina hilo, mwanangu. Nililipenda kupita kiasi.

Mwaka ule wa mvua nyingi, ulipokuwa na miaka tisa, kobaye zangu zikaanza kufa. Moja ilikunja mgongo kama mzee mwenye baridi, manyoya yamesimama, kesho yake imekauka. Kisha nyingine. Kisha ya tatu. Nilizizika nyuma ya choo asubuhi kabla hujaamka, na nikakuambia nimewapa watu. Sikumwambia mtu yeyote. Niliogopa watanivua lile jina.

Jumamosi Koko akaja. "Maman Nsimire, nipe dume yako siku tano. Yangu imezeeka, inalala tu kama bwana ya pansheni."

Tulicheka wote wawili. Nikaingia jikoni nikicheka bado. Dume lilikuwa limesimama, linakula kidogo, lakini pembeni mwa macho lilikuwa na uchafu uliokauka. Nikatia mate kwenye ncha ya kikwembe, nikalipangusa. Jicho moja, kisha la pili. Likawa safi. Nikamkabidhi. Nilijiambia labda ni moshi tu. Nilijua si moshi, juu mtu hapangusi uchafu wa moshi kwa kujificha.

Nimehesabu maneno niliyopaswa kusema. Koko, zangu zinakufa, ngoja. Ni manne.

Jumatatu ikanyesha. Wewe ukitoka masomo ulikata majani kando ya mfereji, ukampelekea Koko, ukazilisha yakiwa yanadondoka maji, hukungoja yakauke, na huku wanasema majani ya maji yanaua kobaye. Ukaja mbio kuniambia: "Maman, zimekula yote!" Nikakuambia, "Vizuri." Hilo nalikumbuka sana. Nilikuambia vizuri.

Alhamisi zikaanza kufa. Kufika Jumapili zilikuwa kumi na moja, sakafuni kwa Koko, zimepangwa juu ya gunia, pamoja na dume langu. Watu walijaa mlangoni. Maman Faida alikuwa anapiga kelele za kilio. Si mtu mbaya, unamjua, lakini kila kitu anakitafutia mwenye kosa, hata mvua.

"Nani alilisha majani ya mvua humu ndani? Nani?"

Ukainua mkono kama darasani. "Ni miye."

Kisha ukageuka ukanitazama. Ulikuwa unangoja niseme. Ulijua mimi ndiye mwenye kujua kobaye kuliko wote waliokuwa pale. Mimi nikakupiga kofi mbele ya watu, nikasema, "Nimekukataza mara ngapi!"

Sikukupiga kwa hasira. Nilikupiga ili watu wakutazame wewe. Hapa ndipo kila mara nilipochana karatasi.

Koko alisema tu, "Acha mutoto. Kobaye ni kobaye." Akaokota moja moja, akazitia kwenye beseni. Kiberiti cha jioni ile alikuja kuomba kwangu, kama kila siku.

Toka hapo hukuingia tena jikoni mwetu. Maganda uliyarusha toka mlangoni. Watu walipokutania juu ya mkono wako ulicheka nao, nami nikajiambia ni mambo ya utoto, yatapita. Uliponiletea maji nilipokuwa na malaria, ukiwa na miaka kumi na miwili, uliweka kikombe juu ya kiti na kusimama mbali. Nilidhani una hasira na mimi. Nisikufiche: nilifurahi kidogo. Nilidhani angalau ninalipa. Kumbe ulikuwa unaogopa kuniua.

Mtu mmoja tu alikubali kukaa chini ya mikono yako. Alikuita kila Jumapili umsuke, na nywele zenyewe zilikuwa zimebaki ishirini.

"Koko, hapana, mukono yangu..."

"Mukono yako itanifanya nini? Niko muzee, kifo iko na kazi yake, haiombe musaada ya mutoto. Suka! Na usinivute sikio."

Nilikuwa nawasikia toka huku, nikifua. Nilidhani ni uzee unamfanya apende kusukwa. Sikuelewa alikuwa anafanya kazi yangu.

Koko alipolala kitandani, kabla ya Pasaka, nilienda nikamwambia. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikasema habari ya zile tatu za nyuma ya choo, na ya macho niliyopangusa. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Nilijua. Siku ya tatu macho ya ile dume ilichafuka tena. Miye nilikamata kobaye mbele ya weye kuzaliwa."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Kwa nini hata mtoto hakumwambia.

"Nikimwambia miye, anabaki na koko muzuri na mama mubaya. Miye ninakufa. Atabaki na nani?" Akapumua kidogo. "Kwangu ulishafika. Enda sasa kwa mwenyewe."

Nilimwahidi. Akafa baada ya wiki mbili, na nilikuwa bado sijakwambia. Hata kwenye matanga, ulipokuja kukaa karibu yangu juu ya mkeka, ukanong'ona, "Maman, nilimusuka juma ile ile," nilikuwa na yote mdomoni, kweli yote. Nikakuambia, "Kula, chakula kinapoa."

Koko alikuwa na miaka yake na moyo wake uliochoka, Nsimire. Alikufa kichwa chake kimesukwa vizuri, na wanawake waliomwosha walisema wasikifumue. Hakuna alichopata mikononi mwako isipokuwa hicho.

Unaweza kuuliza sasa nimejifunza nini. Nimejifunza kidogo, na kwa kuchelewa. Nilidhani nikisema kweli ningekosa watu. Mwaka ule kobaye zilikufa nyumba nyingi, na wanawake walikaa mlangoni kwa Maman Faida wakihesabiana, huyu nne, huyu saba, wakipeana pole. Mimi nilikaa katikati yao nimefunga mdomo. Hakuna aliyenyimwa maganda. Hakuna aliyevuliwa jina. Watu hawa walikuwa wamekulisha toka ulipokuwa huwezi kulia, na mimi niliula wema wao miaka yote bila kuuamini hata siku moja. Nadhani hiyo ndiyo dhambi niliyoanza nayo. Ile ya macho na ile ya kofi zilikuja nyuma yake.

Huko uendako utakosea. Utachanganya dawa, utasahau mgonjwa, sijui, kazi hiyo siijui. Siku hiyo kutakuwa na mtu mdogo kuliko wewe amesimama karibu, amekosea naye kitu kidogo. Usimtazame ili watu wamgeukie.

Sitaki uende, na kofi lile la mbele ya watu libaki huku kama lilivyo. Kwa hiyo leo, tulipotoka misa, nilimvuta Maman Faida pembeni nikamwambia. Akanigeukia.

"Weye?"

"Miye."

"Na mutoto akabeba?"

"Akabeba."

"Miaka sita naimba mukono ya mutoto wa watu, na weye unaniacha tu naimba?" Akatema mate chini. "Alhamisi namuchekelea mbele ya batu bote, na uko nyuma yake umesimama kama mulingoti!"

Nikamwomba asikuambie, aniachie mimi. Akasema, "Sitasema. Kesho mutoto nitamufikisha mpaka kwenye mulango ya masomo, huyo hana deni na mutu. Weye, tutaonana." Akaondoka. Mfuko wake wa maganda ya viazi haujafika msumarini leo. Nimeenda kutazama mara tatu. Labda atauleta kesho kutwa, labda hataleta tena. Jumamosi nitawaambia na wanawake wengine, wale walionipa lile jina. Ni lao, wakitaka watalichukua.

Sikuombi unisamehe kesho. Kesho nitakuamsha saa kumi na moja, nitakugombeza juu ya viatu, utapanda pikipiki nyuma ya Maman Faida, nami nitasimama hapa chini ya mteremko mpaka nisiwaone. Hutakuwa umesoma bado. Barua naiweka ndani ya kikapu, chini ya karanga, juu ninajua karanga utazifikia siku ya pili au ya tatu, ukishapata rafiki wa kula naye. Naogopa kukupa mkononi? Ndiyo, naogopa. Nimezaa nikiwa na miaka kumi na sita na sikuogopa hivi.

Ukiwa na hasira, uwe nayo. Usiimeze kwa kunihurumia eti maman alikuwa mtoto, maman alikuwa peke yake. Nilikuwa mtoto, nilikuwa peke yangu, na kofi nililipiga mimi. Ila usiendelee kuficha mikono. Hilo si ombi, Nsimire, hilo nakuamuru kama mama yako, ningali na haki hiyo mpaka useme hapana.

Nasikia sauti yako kwa jirani wa chini, unacheka na watu. Nimalize.

Hivi ndivyo vitu nitakavyohitaji unitumie, Maman Faida akija huko kuchukua sambaza, kama atakubali bado kubeba vya kwangu. Kikapu, juu tuna kimoja tu. Sweta yangu ya manjano uliyoificha chini ya blanketi, nimeiona. Kaa nayo mpaka mvua ziishe, kisha uirudishe. Jina la mtoto wa kwanza watakayekupa umwogeshe, na kilo zake. Na jibu la barua hii, kwa mwandiko wako, hata kama ni mstari mmoja, hata kama ni wa matusi.

Maman